Kiinua Mgongo cha Mlinzi

Kwa kawaida mtumishi wa umma nchini Tanzania akifika miaka 55 anaweza kuomba kustaafu, na akifika 60 anastaafu apende asipende. Wenzake humfanyia hafla, humpiga picha na mwenzi wake, humkabidhi mabati ya kwenda kumalizia nyumba. Mbwa wa ulinzi hana waraka wa namna hiyo. Anaanza kazi meno ya utotoni yakiwa bado hayajang'oka, anabweka masika na kiangazi, na hakuna anayejua ni lini hasa kazi ilimshinda. Siku moja tu mwenye nyumba analeta mtoto wa mbwa mwingine, sahani ya chakula inahamia kwa mgeni, na yule wa zamani anajitafutia pembe uani, kati ya pipa la maji na mafiga yasiyotumika. Hakufukuzwa. Hakuagwa pia.

Ndiyo maana ukisema unamtafutia mbwa mzee godoro, watu hukutazama mara mbili. Wengine hucheka. Wengine huuliza, kwa upole wenye mwiba ndani yake, kama watoto wote wa mtaa huu wanalalia godoro. Swali hili la pili silibezi. Hapa Tanga wapo watu wazima wanaolala juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji, tena baada ya kutwa nzima ya kubeba mizigo, na hakuna aliyewaandikia makala. Ila huruma haigawiwi kama unga wa msaada, kwamba kikombe alichopata huyu kimepunguzwa kwa yule. Mara nyingi anayemwona mbwa wake akishindwa kuinuka ndiye atakayemwona pia mlinzi wake akishindwa. Nasema mara nyingi, kwa sababu zipo nyumba ambazo mbwa analala kwenye zulia na mlinzi anakesha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mbwa ninayemzungumzia anaitwa Bosi, jina alilopewa na watoto na ambalo kwa miaka mingi alilitendea haki. Ni mchanganyiko wa mbwa wa kienyeji na wale warefu wa polisi wenye asili ya Ujerumani, ambao pamoja na sifa zao zote wana kasoro inayojulikana: nyonga zao mara nyingi hazikai sawasawa tangu ujana, na uzee ukifika kasoro hiyo huja kudai. Ana kilo 30 hivi. Mdomo umekuwa mweupe, masikio hayamsaidii sana, na geti likigongwa huinua kichwa, akafikiri, akakirudisha chini. Wa kwanza kulisema jambo hili waziwazi alikuwa mlinzi wetu wa usiku, ambaye nyumba nzima tunamwita Babu kwa sababu ya umri wake.

“Huyu kulala hakumpi shida, mwanangu,” aliniambia asubuhi moja akisubiri chai. “Shida kuinuka. Hebu mtazame.”

Nilimtazama. Bosi alisukuma sakafu kwa miguu ya mbele, kidari kikanyanyuka, akakaa kitako kidogo, kisha miguu ya nyuma ikateleza kwenye marumaru ya baraza na yeye akarudi chini. Akageuka, akajaribu tena kwa ubavu mwingine.

“Na mimi na kiti chenu hiki ni hivyohivyo,” Babu akaongeza. “Kukaa nakaa. Kuondoka ndiyo kazi.”

Tangu hapo kila tangazo la kitanda cha mbwa ninaloliona linanichekesha. Yote yana picha moja: mbwa amefumba macho, amezama kwenye mto mnene, mashavu yamemwagika ukingoni. Sijaona hata moja linaloonyesha mbwa akitoka humo. Hata magodoro yetu sisi binadamu huuzwa kwa picha ya mtu aliyelala, kwa sababu mnunuzi ni mzima, na mzima hafikirii kuamka kama kazi. Yeye huwaza usingizi tu. Mwenye viungo vibovu anawaza asubuhi.

Ng'ombe akitaka kusimama huanza na makalio. Mbwa huanza na mbele. Katika hali ya kawaida miguu yake ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mwili, na nyonga zikianza kuuma, mzigo huo huzidi kusogezwa mbele. Mbwa mwenye nyonga mbovu basi hufanya kwa mabega na viwiko kazi iliyokuwa ya mapaja: anajivuta pale ambapo zamani alikuwa akijisukuma. Ukimlaza kwenye kitu laini mno, kile anachokikanyaga ili ajivute kinadidimia, na kila jitihada inamrudisha palepale. Ukimlaza kwenye kigumu, ananyanyuka vizuri zaidi, lakini viwiko vimelipa usiku kucha. Kitanda chake kinatafutwa katikati ya mambo hayo mawili, na katikati hiyo ni nyembamba kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini.

Kiwiko cha mbwa ni mfupa uliofunikwa na ngozi tu. Mbwa mzito anayejibwaga kila siku kwenye saruji huota sugu pale, ngozi nene, nyeusi, isiyo na nywele, na hilo peke yake si baya sana. Lakini wakati mwingine chini ya sugu maji hujikusanya, kikawa kifuko kinachobonyea kidoleni, na kwa kuwa mwanzoni hakimuumi, watu hukiacha mpaka kimekuwa kikubwa, kisha wanataka kitobolewe. Daktari wa mifugo mwenye uzoefu hana haraka na sindano. Sindano hufungulia vijidudu njia, na sakafu ikibaki ileile maji hurudi. Tiba yake ya kwanza ni kubadilisha mahali mbwa anapolala. Ni nadra kukuta tandiko likiwa dawa yenyewe, wala si la kumliwaza mgonjwa tu, na hapa ndipo niliposhawishika kwamba godoro la mbwa mzee si anasa.

Katika jambo hili huwa naikumbuka Sura ya Kahf, ambayo husomwa Ijumaa katika nyumba nyingi za pwani. Vijana wale waliokimbilia pangoni walilala miaka 300 na kuzidisha 9, na tunaelezwa kwamba walikuwa wakigeuzwa, mara kuume, mara kushoto. Wafasiri wanasema ilikuwa hivyo ili ardhi isiile miili yao. Muuguzi yeyote aliyehudumia waliopooza anaielewa tafsiri hiyo bila kufafanuliwa: mwili usiogeuzwa huoza pale mfupa unapoigandamiza ngozi. Na katika aya hiyohiyo yupo mbwa wao, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Mapokeo yanamwita Kitmiri. Aya haitaji kama naye aligeuzwa; inatuonyesha alivyolala, na huo ni mlalo wa mbwa aliye kazini, uzito wa kifua ukielekea viwikoni. Bosi naye hakubali kuuacha. Hata sasa ambapo mwizi angeweza kumruka na kwenda zake, bado analala mikono mbele, uso umeelekea geti. Ikija siku ambayo hataweza kujigeuza, sisi ndio tutakaomgeuza, kila baada ya saa chache, kuume na kushoto.

Karibu magodoro yote ya leo ni ya sponji, na sponji ni kitu cha juzi. Kemia yake ilianzia Ujerumani mwaka 1937, katika kazi ya Otto Bayer. Ile aina nzito inayobonyea taratibu na kurudi taratibu, ambayo wauzaji huisifu kwamba inakumbuka umbo la mwili, ilibuniwa mwaka 1966 na mhandisi Charles Yost chini ya mkataba wa NASA, kwa ajili ya viti vya ndege. Hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Kule Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai sponji hiyo itakuwa ngumu mpaka mwili uipashe moto. Tanga mjini, wakati wa kaskazi, mambo yanageuka: inalainika, mbwa anazama, na joto la mwili wake linabaki humohumo. Mbwa hana jasho la kumpoza isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hupoa kwa kuhema na kwa kulaza tumbo kwenye kitu cha baridi. Kwa hiyo mbwa anayelikimbia godoro la bei mbaya saa saba mchana na kurudi kwenye saruji si mshamba asiyejua vitu vizuri. Anajua anachokifanya, na mwenye nyumba aachane na habari ya kumburuta.

Pwani tulikuwa na majibu yetu kabla ya sponji. Godoro la sufi ni laini na halihifadhi joto vibaya, ila sufi hujikusanya mabonge, na baada ya muda lazima lifumuliwe na kuchambuliwa upya. Katikati ya mabonge hayo viroboto hujenga mji. Usumba unafaa zaidi kuliko unavyosifiwa. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa miezi kadhaa kwenye matope ya ufukweni, yakapondwa, yakatoa nyuzi, hutoa tandiko gumu kiasi, linalopitisha hewa na lisilokubali kudidimia. Ubaya wake ni kuchoma, kwa hiyo linataka kitambaa kizito juu. Kitanda cha kamba nacho, kikiwa kifupi na kimekazwa sawasawa, kinampa mbwa upepo chini ya tumbo. Lakini kamba zikilegea kikawa teremka-tukaze, basi uti wa mgongo unapinda kuelekea katikati na mguu unaweza kupenya kwenye matundu. Kijana akilala humo anaamka na hadithi ya kuwachekesha wenzake. Mzee haamki kabisa mpaka ashikwe.

Mwisho wa yote nilikwenda Ngamiani kwa fundi makochi, kwa sababu yeye ndiye mwenye vipande vya sponji vya kila unene, na havai tai.

“Kochi la watu wangapi?” aliuliza.

“Si kochi, fundi. Nataka godoro la mbwa. Amezeeka.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Yeye aliweka mkasi chini, akauliza, “Mzito?” Nilipomtajia kilo akaisukuma pembeni sponji niliyokuwa nimeishika. “Hiyo itamfia mwezi huuhuu. Na usipime kwa kiganja. Weka kiwiko.”

Ushauri huo wa mwisho ni bora kuliko maelezo yote niliyowahi kuyasoma juu ya vitanda vya mbwa. Kiganja ni kipana, husambaza uzito, hukudanganya. Ukiegemea kwa kiwiko na ukausikia ubao wa meza chini ya sponji, mbwa ataisikia sakafu. Kuhusu uimara wenyewe, kipimo chake ni kilo ngapi zimo kwenye mita moja ya ujazo, na hesabu hiyo haihitaji maabara. Kipande cha sentimita 100 kwa 70, unene 10, kina mita za ujazo 0.07. Kikiwa na uzito wa kilo 2 na gramu 100, hiyo ni sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo. Kikiwa na kilo moja tu, ni kama 14, na sehemu kubwa ya ulichonunua ni hewa. Mzani wa muuza nyama unatosha, ukimwomba vizuri na kutandika gazeti. Uzito huo hautakuambia sponji ni ngumu au laini. Utakuambia itakaa muda gani kabla ya kufanya bonde. Maneno yale yanayochapwa kwenye nailoni, ya mifupa, ya mgongo, ya kitabibu, mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuyachapa.

Fundi alikata ngumu ya makochi kwa chini na nyingine nyembamba, laini, kwa juu, akazigandisha. Ukubwa ulitokana na Bosi mwenyewe alivyojinyoosha kwa ubavu, kutoka puani mpaka mwanzo wa mkia, ukaongezwa shibiri moja. Upande mmoja una ukingo wa kulazia kidevu. Pande nyingine hazina kitu, maana ukingo anaopaswa kuuruka ni kikwazo kingine cha asubuhi. Juu ya sponji kuna mpira ule wanaotandikiwa watoto wachanga, kisha kava la kitambaa kizito lenye zipu. Mbwa mzee huvujisha mkojo usingizini bila kujua, na sponji iliyokwisha kunywa mkojo haioshwi ikatakata. Kava lafaa lifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani mara kwa mara, kwa sababu mayai ya viroboto hudondoka pale mbwa anapolala, na kupe wa mbwa hupenda nyufa za ukuta ulio karibu naye. Nyufa hizo zikandikwe kabla godoro halijafika.

Dawa nazipita haraka, kwa kuwa ni kazi ya daktari wa mifugo, ila neno moja lazima lisemwe: vidonge vyetu vya maumivu visitolewe kwa kukisia. Ibuprofeni, ambayo binadamu huimeza kwa chai, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo. Zipo dawa za jamii hiyo zilizopimwa kwa ajili ya mbwa, hutolewa kulingana na kilo zake. Na godoro nalo lisidaiwe lisichoweza. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa na mwendo. Mbwa akilala tu kwenye sponji nzuri kutwa kucha, viungo vyake vitakakamaa kwa raha. Anataka matembezi mafupi, asubuhi na jioni, na akiwa mnene apunguzwe ugali.

Mjadala mrefu nyumbani ulihusu mahali pa kukiweka hicho kitanda. Watoto walitaka sebuleni. Mama yangu, ambaye kama Waislamu wengi wa pwani anafuata madhehebu ya Shafi, ana sheria zake: mate ya mbwa yakigusa chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na yeye hana nia ya kuosha sebule nzima mara saba. Asije mtu akadhani anamchukia Bosi. Ndiye anayeuliza kila mchana kama kuna maji kwenye bakuli lake, na watoto amewasimulia zaidi ya mara moja hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Sharti lake ni moja tu: kizingiti kisivukwe. Babu alitaka kitanda kiwekwe getini, karibu na kiti chake, kwa sababu ambazo hakuzisema na ambazo hakuna aliyemuuliza.

Tulikubaliana barazani, ubavuni mwa mlango. Si kwenye njia yenyewe: mbwa aliyepoteza masikio akikanyagwa usingizini hung'ata kwanza, ndipo atambue amemng'ata nani. Anapolala sasa anaona anayeingia kabla hajafikiwa. Kutoka kwenye godoro hadi ngazi tumetandika vipande vya zulia kuukuu juu ya marumaru, maana kumwinua vizuri kisha kumwacha ateleze hatua ya pili ni kazi bure. Mwanzoni alilala kando ya godoro, akiliegemea kwa mgongo tu, mpaka Babu alipochukua gunia la zamani la Bosi lenye harufu yake na kulitandaza juu. Mchana wa jua kali bado anahamia kwenye saruji chini ya mwarobaini. Baada ya Isha hurudi barazani, akazunguka mara kadhaa, akashuka polepole, akanyoosha miguu ya mbele. Alfajiri ananyanyuka kwa mkupuo mmoja siku nyingi, na siku za kusi zenye unyevu kwa miwili.

Babu anasema hicho ndicho kiinua mgongo cha Bosi, tena amelipwa mapema kuliko watumishi wengi anaowafahamu. Yeye mwenyewe kipande cha sponji kilichobaki alikikataa. Alikipima kwa kiwiko, akatikisa kichwa, akanirudishia. Anachotaka ni kiti cha mbao, kirefu kidogo kuliko cha sasa, chenye mikono, apate pa kushika anapoondoka. Vipimo amevipeleka mwenyewe kwa seremala wa mtaa wa pili, malipo ya awali nimeshayatoa, na seremala ameahidi Ijumaa, bila kusema ya lini.